Matuta ya Kumlinda Mhandisi wa Mbali

Miteremko ya vilima vya Kilungu, kuzunguka soko la Nunguni, imekatwa matuta. Fanya juu, ndivyo yanavyoitwa Ukambani: mkulima huchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu. Maji yakivuka tuta moja, la chini yake huyapokea. Anayetaka kuajiri mhandisi wa mbali kumlindia ofisi ya wingu, yaani barua pepe na mafaili yaliyo kwenye seva za kukodi, ajifunze hapo.

Umbali wenyewe si kikwazo. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo mhandisi aliye Nunguni anaweza kuhudumia seva za Cape Town bila kuhama kwao. Swali gumu ni hili: utajuaje kuwa ni yeye?

Julai 2024, KnowBe4, kampuni ya Marekani inayofundisha watu kujikinga na wadukuzi, ilieleza jinsi ilivyomwajiri mhandisi baada ya mahojiano 4 ya video. Kumbe alikuwa mtu wa Korea Kaskazini, mwenye jina la wizi na picha iliyorekebishwa kwa akili unde. Alipopokea kompyuta ya kazi, alianza kuipakia programu hasidi. Mitambo ya ulinzi ilimnasa, na kwa kuwa wageni kazini hupewa ruhusa chache, hakuiba data yoyote. Mahojiano, tuta la juu, yalivukwa. Ya chini yakahimili.

Matuta ya chini unayoyahitaji wewe ni yapi? La kwanza ni ufunguo wa siri usiotoka ndani ya simu ya mhandisi. Seva humtumia namba mpya, simu huitia saini kwa ufunguo huo, na tovuti bandia haipati kitu cha kuiba. La pili ni ruhusa za kazi aliyopewa tu, zinazokoma kazi ikiisha. La tatu ni kumbukumbu za kila alichofanya, zilizowekwa asipoweza kuzifuta.

Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 humtaka mdhibiti wa data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 akigundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika. Bila kumbukumbu, ataeleza nini?

Kumbukumbu hizo humkinga mhandisi pia. Jambo likiharibika usiku, kijana wa Nunguni asiyejulikana na yeyote makao makuu hatahitaji mtu wa kumtetea. Kazi yake itakuwa imeandikwa, saa kwa saa.