Ganda Linalobeba Bei ya Waya wa Koili

Tarehe 8 Machi 2022 nikeli ilivuka dola 100,000 kwa tani katika Soko la Metali la London. Biashara ikasimamishwa, mauzo ya siku hiyo yakafutwa. Wanaotengeneza koili za majiko na tanuri walikuwa na haki ya kushtuka. Nikromu, waya waliouzoea tangu Albert Marsh apate hataza yake Marekani mwaka 1906, huwa na nikeli hadi asilimia 80.

Waya unaoshindana nao hauna nikeli. Ni chuma kilichochanganywa na kromi kama asilimia 22 na alumini 5 au 6, aloi ya Hans von Kantzow wa Hallstahammar, Sweden, inayouzwa kwa jina la Kanthal. Ni nyepesi, hivyo kilo moja hutoa waya mrefu zaidi. Aina zake bora huhimili nyuzi 1,400 za Selsiasi, nikromu kama 1,200.

Anachonunua mteja hapo hasa ni ganda. Waya ukipata moto, alumini hukutana na oksijeni juu yake, ukajengeka utando mwembamba kuliko unywele unaoizuia hewa isile chuma. Jiko likizimwa, chuma hunywea kuliko utando. Mshikano ukiwa dhaifu, utando hubanduka kama chokaa kwenye ukuta uliopigwa na chumvi. Alumini iliyobaki hujenga mwingine, lakini akiba hiyo huisha, na ikiisha waya huliwa upesi.

Mharibifu mkuu wa mshikano ni salfa. Sehemu chache tu katika milioni hukimbilia pale utando unapokutana na chuma, zikaulegeza. Dawa yake ni chembe za itriamu, zirkoni au seriamu, zinazoikamata salfa huko huko ndani. Faida ya chembe za aina hiyo ilikwisha kudokezwa na hataza ya Uingereza ya 1937, ingawa haikueleza habari ya salfa. Zikizidi, huharibu zenyewe. Kwa hiyo nyaya mbili zenye kromi na alumini sawasawa zaweza kupishana sana kwa umri, na jicho la mnunuzi halioni tofauti. Binafsi ningeuliza kwanza habari ya itriamu, kisha bei.

Hata hivyo nikromu haijaondoka sokoni. Waya wa chuma, kromi na alumini ukishaungua kwa muda huwa mkavu. Fundi akijaribu kuunyoosha ili aunge ulipokatika, humvunjikia mkononi; wa nikeli hukubali kupindwa tena.