Bata wa Ol Bolossat: Kiota Kiko Nyasini, si Majini

Wakati wa mvua, mkazi anayepita kando ya Ziwa Ol Bolossat asubuhi huenda akamwona bata wa porini akiogelea, vifaranga wakimfuata kwa mstari. Wengi hudhani vifaranga hao wameanguliwa majini. Sivyo. Kiota huwa nchi kavu, na kwa hiyo usalama wake umo mikononi mwa wanaolima na kuchunga kando ya ziwa.

Ol Bolossat, ziwa la asili lililo chini ya milima ya Aberdare katika Kaunti ya Nyandarua, ni makao ya ndege wengi. Mmoja wao ni bata mdomo-njano, ambaye mdomo wake wa manjano una doa jeusi.

Jike hujenga kiota ardhini, ndani ya nyasi ndefu karibu na maji. Mara nyingi hutaga mayai kati ya 6 na 10 na kuyaatamia peke yake kwa karibu wiki nne. Anapotoka kutafuta chakula, huyafunika kwa manyoya laini ya kifuani mwake yasipoe. Akishtuliwa na mbwa au ng'ombe, huruka na kuyaacha wazi. Akisumbuliwa mara kwa mara, anaweza kukihama kiota kabisa.

Vifaranga wakikauka manyoya, mama huwaongoza hadi majini. Hujitafutia chakula wenyewe, lakini hupita takriban miezi miwili kabla ya kuweza kuruka. Muda huo wote kimbilio lao ni matete. Yakifyekwa au kuchomwa, hawana pa kujificha.

Anayetaka kuwatazama asimame mbali, atumie darubini akiwa nayo, na mbwa abaki nyumbani. Mama akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, anajaribu kumvuta adui mbali na watoto; mtazamaji arudi nyuma. Kifaranga aliye peke yake asichukuliwe, kwani huenda mama yuko karibu.

Wafugaji wanahimizwa kunyweshea mifugo sehemu moja badala ya kuitawanya ufuoni. Wanaokata nyasi wakague kwanza, na wakikuta kiota waache nyasi zinazokizunguka. Anayeona watu wakikusanya mayai au kutega ndege aripoti katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu.