Nguo Hushonewa Picha ya Mwili

Fundi cherehani anayempima mteja wa gauni huandika daftarini kifua, kiuno, hipsi, mabega na urefu. Tuseme kiuno kimesoma inchi 34. Gauni likikatwa kwa inchi 34 kamili halitavalika, kwa sababu mwili unapumua, unakaa na unainama, kwa hiyo fundi huongeza inchi mbili hivi za kupumulia. Kazi ya kupima ingeishia hapo, lakini mteja naye ana neno lake. Mmoja husema, "Fundi, niachie, tena hapa tumboni niachie sana." Mwingine, mwenye kiuno kilekile cha 34, husema, "Nibane, gauni linishike." Wa tatu hasemi kitu, ila huvuta tumbo ndani tepu inapomzunguka, na fundi mzoefu huandika 34 ingawa tepu imesoma 32. Kipimo ni kimoja, magauni ni matatu. Hoja ya sura hii inakaa kwenye zile inchi zinazotenganisha tepu na agizo la mteja. Hapo ndipo tunapoona kwamba mtu hauvalishi mwili wake kama ulivyo, bali huvalisha picha ya mwili aliyonayo kichwani. Na jambo la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko hilo, ni kwamba nguo ikishavaliwa huigeukia picha hiyo na kuilinda, hata pale picha inapokuwa na makosa.

Picha hiyo inatoka wapi? Wengi huamini kwamba mtu anaujua mwili wake kwa sababu ni wake na anaishi nao usiku na mchana. Mwili una neva za kuhisi joto, maumivu, mguso na mkunjo wa viungo, lakini hauna neva hata moja inayouambia ubongo kwamba kiuno kina upana kadhaa. Upana ubongo huukadiria kwa kuunganisha habari za misuli, ngozi na macho. Mwaka 2005 mtafiti Henrik Ehrsson na wenzake walionyesha jinsi makadirio hayo yanavyoyumba kirahisi. Washiriki waliweka viganja kiunoni, kisha kano za vifundo vya mikono yao zikatetemeshwa kwa kifaa kidogo. Mtetemo wa namna hiyo huufanya ubongo uamini kwamba mikono inakunjika kuelekea ndani. Kwa kuwa viganja bado vimekigusa kiuno, ubongo hufikia hitimisho moja tu, kwamba kiuno kimepungua. Watu walihisi viuno vyao vikisinyaa ilhali miili yao iko vilevile.

Atakayesema kioo kipo na kioo hakidanganyi, ajaribu jambo ambalo mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich alilieleza. Kioo cha bafuni kikishika mvuke, simama mbele yake, fumba jicho moja, uchore kwa kidole mzingo wa uso wako unavyouona pale juu ya kioo. Kisha jitenge kando na upime ulichochora. Mchoro utakuwa nusu ya upana wa uso wako, na ukisogea karibu au mbali kidogo ukachora tena, utabaki nusu. Jicho limepokea uso mdogo, lakini mtu ameona uso wa ukubwa wake wa kawaida, kwa sababu ubongo umekamilisha hesabu kimyakimya. Kwa uso hesabu hiyo hutoka sawa. Ila inatuonyesha kwamba hata mbele ya kioo kutazama ni kutafsiri, na kwenye kutafsiri maneno ya watu hupata njia ya kuingia. Aliyeitwa bonge tangu darasa la pili, au kimbaumbau, au aliyesifiwa kuwa ana umbo namba nane, hasimami mbele ya kioo peke yake. Ndiyo maana sina imani kubwa na michoro ya majarida inayomtaka mwanamke aamue mwenyewe kama umbo lake ni la pea, la tufaha au la namba nane, kisha achague mshono. Ushauri wa mshono unaweza kuwa mzuri, lakini umejengwa juu ya jicho la mwenye mwili, kipimo kisichotegemeka. Hata kanuni tulizozizoea hazijapimwa sana. Tunaambiwa mistari ya kulala hunenepesha, wakati katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz alikwisha kuona kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu na mwembamba zaidi, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walipoijaribu kanuni ya mitaani kwa michoro ya watu waliovaa nguo hawakupata ushahidi wa kuiunga mkono.

Kama picha hii ingekuwa ya maneno tu, isingekuwa na haja ya kuandikiwa sura nzima. Lakini mwili huitii. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio walilowafanyia wanawake wenye anoreksia, ugonjwa ambao mtu aliyekonda sana huendelea kujiona mnene. Waliwapitisha kwenye nafasi za upana mbalimbali mfano wa mlango, bila kuwaambia kinachopimwa. Wanawake hao walianza kugeuza mabega wapite upande kwenye nafasi ambazo wenzao wenye afya walizipita wakinyoosha kifua. Walikuwa wakiupitisha mlangoni mwili ulio mkubwa kuliko ule waliokuwa nao. Kwenye mavazi ushahidi ni wa kila siku zaidi. Mwaka 1994 Yoon-Hee Kwon na Ellen Parham waliwauliza wanawake wanaojali uzito wao huvaa nini siku wanayojihisi wanene, na huvaa nini siku wanayojihisi wembamba. Siku ya kujihisi mnene nguo ilichaguliwa ili ifiche, na siku ya kujihisi mwembamba ikachaguliwa zaidi ili imtambulishe mvaaji. Mwanamke ni yuleyule, na kati ya Jumanne na Alhamisi hakuna aliyenenepa hata inchi moja. Kilichobadilika ni hisia, na kabati likafuata.

Nguo nayo ina lake la kusema. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake waliwaomba wanafunzi wa vyuo nchini Marekani wavae ama vazi la kuogelea au sweta, kila mtu peke yake kwenye chumba chenye kioo, halafu wafanye hesabu wakiwa wamelivaa. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walifanya vibaya kuliko wenzao wa sweta. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Vazi lenyewe liliwafanya wajitazame kwa jicho la mtu wa nje, na akili iliyogawanyika hivyo haikubaki na nguvu ya kutosha kwa hesabu. Katika jaribio hilo wanaume hawakudhurika, na wapo waliokimbilia kusema hili ni jambo la wanawake. Mwaka 2004 Michelle Hebl na wenzake walirudia jaribio wakiwapa wanaume chupi za kuogelea zinazobana badala ya kaptura pana, na wanaume nao wakashuka. Basi mwanamume hakuwa na kinga ya kuzaliwa nayo. Alikuwa amepewa kaptura pana.

Lebo ya ukubwa hufanya kazi kama hiyo kwa namba. Kwenye soko la mitumba, Karume au Gikomba, gauni la Uingereza lililoandikwa 12, la Marekani lililoandikwa 8 na la Ulaya bara lililoandikwa 40 huwa yameshonwa kwa mwili wa takriban ukubwa mmoja, na hata ndani ya nchi moja kila kampuni ina namba zake. Marekani iliwahi kuwa na viwango vya serikali vilivyotokana na vipimo, vilivyochapishwa mwaka 1941, vya wanawake karibu 15,000, wote wazungu. Viwango hivyo viliondolewa mwaka 1983, na makampuni yakabaki huru kumuuzia mteja namba ndogo kwa kitambaa kikubwa. Utafiti wa masoko umeonyesha kwamba namba ndogo humfanya mteja ajione vizuri zaidi, na namba kubwa kuliko aliyoitarajia humvunja moyo, ingawa nguo imemkaa. Mchuuzi wa mtumba anayekata lebo kabla hajatundika gauni humtendea mnunuzi wema kuliko anavyodhani.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mtu anayeamini ana tumbo kubwa huvaa kipana. Akivaa kipana hapati maneno, na kutopata maneno hukusoma kama ushahidi kwamba nguo imemwokoa, wala hawazii kwamba huenda hapakuwa na cha kusemwa. Kesho ataongeza upana. Miaka inapita bila siku hata moja ambayo imani yake imejaribiwa, maana kila siku alitoka nyumbani akiwa ameshaifunika. James Rosen wa Marekani na wenzake, walipotunga mwaka 1991 dodoso la kupima jinsi watu wanavyoukwepa mwili wao, waliweka kundi zima la maswali kuhusu nguo, na kuvaa mapana ya kuficha kumo. Walikuona kukwepa huko kuwa sehemu ya tatizo, na naamini walikuwa sahihi. Kwa wanaume wetu kukwepa kuna mlango mwingine. Mwenye kitambi huendelea kununua suruali namba 34 aliyoivaa akiwa kijana, ila sasa mkanda umeteremka chini ya kitovu na tumbo linapita juu yake. Namba imebaki, kwa hiyo picha imebaki, na mabadiliko ambayo yangempeleka kupima presha na sukari hayajawahi kuandikwa mahali popote. Huyu picha yake inamdanganya kwa kumpunguza, yule kwa kumwongeza, na wote wawili nguo zimewaziba masikio.

Kuna pingamizi ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa nalo tangu mwanzo: tafiti hizi ni za Wazungu wanaoogopa unene, na sisi hipsi tunazisifu. Pingamizi lina ukweli nusu. Kinachosifiwa hutofautiana, ila njia ya kazi ni ileile. Msichana mwembamba anayevaa sketi mbili, au taiti yenye sponji ndani ya gauni la sherehe, anavalisha picha ya mwili uliopungukiwa kama vile mwenzake wa London anavyovalisha picha ya mwili uliozidi. Wanaume wa Austria, Ufaransa na Marekani walipochunguzwa na Harrison Pope na wenzake mwaka 2000, mwili waliouchagua kuwa bora ulizidi wao kwa misuli ya kilo 13 hivi. Hofu yao ilikuwa kuwa wadogo. Wala kinachosifiwa hakidumu. Fiji ilikuwa nchi ya kusifu miili mikubwa. Televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na Anne Becker na wenzake walipowachunguza wasichana wa shule mwaka 1998, asilimia 74 walisema huwa wanajiona wanene mno. Makundi yake mawili, la 1995 na la 1998, yalikuwa madogo, ya wasichana kama 60 hivi kila moja, na hayakuwa ya wasichana walewale, kwa hiyo sitautwisha utafiti huo mzigo mkubwa. Unatosha kuondoa uhakika kwamba sifa za bibi zitamlinda mjukuu mwenye simu mkononi.

Pingamizi la pili ni la heshima, dini na joto. Je, kila mwenye dera anajificha? Hapana kabisa, na anayesoma aibu ndani ya kila vazi pana amekosea. Dera ni jibu la busara kwa mchana wa Pwani, na kanga huuzwa jozi bila namba yoyote, ikamfunga mwembamba na mnene sawa. Kuhusu kujisitiri upo hata ushahidi unaokwenda upande wa pili. Mwaka 2014 Viren Swami na wenzake waliwachunguza wanawake Waislamu 587 wa Uingereza, na waliovaa hijabu walikuwa wameridhika na miili yao zaidi kidogo kuliko wasiovaa. Stara iliyochaguliwa kwa imani huwa na mwelekeo kwa Mungu na kwa jamii, na mvaaji huivua akiwa nyumbani na wenzake bila wasiwasi. Kujificha hakuvuliwi. Tofauti ya viwili hivi haimo kwenye mita za kitambaa, imo kwenye kile ambacho mtu hawezi kukifanya akiwa hana kitambaa hicho. Msichana wa sekondari anayebaki na sweta la shule mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, akakataa kulivua hata kipindi cha michezo, ameshatujibu bila kuulizwa.

Mwingine atasema mwili wenyewe ndio unaoamua, kwamba mnene huvaa mapana kwa sababu ni mnene. Marika Tiggemann na Catherine Lacey waliwauliza wanunuzi wanawake 162 wa Australia mwaka 2009 na kukuta kwamba uzito kweli unahusiana na kuchagua nguo za kuficha. Kutoridhika na mwili nako kulihusiana. Nakubali, tena naongeza kwamba maduka hubeba sehemu ya lawama: mwenye hipsi 50 hachagui kipana pale ambapo duka lina kipana tu. Ila tukirudi kwa yule mwanamke wa siku mbili tofauti, uzito hauwezi kueleza kwa nini leo amefungua kabati kwa furaha na keshokutwa kwa hofu. Huo ndio upande ambao tiba imeufanyia kazi. Katika tiba ya fikra na mwenendo, mtu huorodhesha nguo anazozikwepa kuanzia ile inayomtisha kidogo. Huivaa kwanza akiwa chumbani, akasimama mbele ya kioo na kutaja anachokiona kwa maneno ya kipimo na rangi, bila neno la hukumu, akakaa hapo mpaka hofu ishuke. Baadaye huivaa sebuleni, kisha dukani kwa jirani kununua sukari, na kabla ya kutoka huandika anachotarajia watu watasema, ili akirudi alinganishe na walichokisema.