Muuguzi Naye Huugua

Tunao hapa Naif wauguzi warudio alfajiri kutoka zamu ya usiku, miguu imevimba na mgongo wauma. Kazini hukabidhiwa ufunguo wa kabati la mofini na pethidini. Hapo ndipo penye mtihani: atulizaye maumivu ya wenziwe aweza kushawishika kutuliza yake kwa dawa hizo hizo, mara moja, kisha kila zamu.

Hesabu ya daftari isipolingana na chupa zilizosalia, shauri huweza kufika Mamlaka ya Afya ya Dubai, ambayo ndiyo itoayo leseni. Leseni ikiondoka, kazi huondoka, na ukaazi wa wengi wetu umefungamana na kazi. Huko nyumbani wapo wazee na watoto wanaongojea ada ya shule.

Hata hivyo, mlango upo. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2021, kifungu cha 89, haimshitaki kwa kutumia yule ajipelekaye mwenyewe kutaka matibabu na kusalimisha alichonacho, au apelekwaye na mume, mke au jamaa wa karibu. Fadhila hiyo ni ya atanguliaye, si ya aliyekwisha kukamatwa. Suala la leseni ni jingine, lakini mgonjwa anayetibiwa ana la kujieleza.

Basi ndugu zetu, mkimwona muuguzi wenu amebadilika, msimfiche kwa kuona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.