Madison Naye Alirudia Daftari

Hapa Massachusetts, mzazi mmoja aliniambia katika kikao cha wazazi shuleni kwamba vitabu vya wanahistoria ni maoni tu. Anayetaka kuwajua waasisi wa Marekani asome walichoandika wenyewe. Aliyasema hayo akichomoa Katiba ya Marekani mfukoni. Ndiyo, mfukoni. Hawa watu huchapa vijikatiba vidogo na kuvigawa bure mikutanoni, na wanasiasa huviinua mbele ya kamera kama refa na kadi nyekundu. Kwetu Mweiga, Kenya, sijaona mtu akienda sokoni na Katiba yetu ya 2010 ndani ya koti, na bado mahindi yananunuliwa.

Nilinyamaza kwa adabu. Jibu langu ni hili.

James Madison, mmoja wa waasisi hao, ndiye aliyetuachia maelezo kamili zaidi ya mkutano wa Philadelphia wa 1787 ulioandika Katiba hiyo. Yalichapishwa 1840, yeye akiwa amekufa miaka minne nyuma, na katika uhai wake aliyapitia na kuyabadilisha. Aliyeyafuatilia mabadiliko hayo kwa undani ni mwanahistoria, Mary Sarah Bilder, katika kitabu chake Madison's Hand (2015). Nazo Federalist Papers, makala 85, ziliandikwa kuwashawishi watu wa New York waikubali Katiba. Kampeni, basi.

Sisi wa Nyeri tunalijua hili: hati peke yake haitoshi. Soma ripoti ya Corfield ya 1960, iliyoandikwa kwa ajili ya serikali ya kikoloni, peke yake, utadhani chanzo cha uasi wa Mau Mau ni Kenyatta, wala si mashamba. Karatasi nyingine wakoloni walizichoma au wakazisafirisha Uingereza. Zilizofichwa Hanslope Park zilijitokeza 2011, baada ya wazee wetu wa Mau Mau kuishtaki serikali ya Uingereza huko London, wakisaidiwa na wanahistoria waliojua cha kuulizia. Kwa hiyo mimi huanza na mwanahistoria, ndipo nimfungue mwandishi Gakaara wa Wanjau wa Karatina, aliyeandika shajara akiwa kizuizini. Ilitoka 1983 kwa Kikuyu.

Binti yangu hakubali. Shuleni hupewa nyaraka, anazichambua, anapata alama, kitabu hagusi. Kaka yake anaimba nyimbo zote za Hamilton, ule mchezo wa kuigiza kuhusu mmoja wa waasisi, kwa kichwa, lakini ukimtajia Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, anakuambia ni chuo kikuu. Juzi binti alimpigia simu cucu, yaani bibi yake, akitaka ushahidi wa aliyeishi enzi za hali ya hatari. Cucu akauliza kwanza kama wamekula. Walikuwa wamekula piza, na hilo likajadiliwa mpaka salio langu likaisha.