Chelezo Kilichogeuka Soko

Mwanafunzi wa Songea asikiapo habari za meli na mashua, huenda akadhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa Pwani. Lakini mkoa wake wa Ruvuma unapakana na Ziwa Nyasa upande wa magharibi, na katika ufuko wa ziwa hilo, kaskazini ya Mbamba Bay, upo mji mdogo wa Liuli. Wajerumani waliuita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ile ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli ili itengenezwe. Meli ya Waingereza, Guendolen, ilitokea ziwani ikaipiga kwa mzinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Na hata kama angalizipata asubuhi ile, meli iliyo juu ya chelezo haiwezi kugeuka wala kukimbia.

Chelezo ni mteremko uliojengwa kutoka nchi kavu hadi chini ya maji, ambao juu yake vyombo huvutwa ili vitengenezwe, au huteremshwa vikiisha kuundwa. Ni mtambo wa namna ya pekee, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni ardhi yenyewe. Je, mtambo wa aina hiyo ukigeuzwa kuwa mahali pa maduka na burudani, nini hubaki?

Mahali penyewe

Jibu la swali hilo laweza kutafutwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Songea. Katika rasi ya Msasani, upande unaotazama magharibi, pako mahali paitwapo The Slipway, yaani Chelezo. Hapo zamani palikuwa na karakana ya mashua. Leo pana maduka, hoteli, migahawa, na soko la kazi za mikono, ambamo mgeni hukuta picha za mtindo wa Tingatinga. Msomaji wa Ruvuma na akumbuke kwamba mwanzilishi wa mtindo huo, marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alikuwa mzaliwa wa Tunduru. Jioni watu huketi ukingoni wakitazama jua likizama, na mchana mashua huwachukua wageni kwenda kisiwa cha Bongoyo, ambacho ni sehemu ya maeneo ya hifadhi ya bahari yaliyotangazwa mwaka 1975.

Mgeni mwenye kupenda sayansi hujiuliza kwanza kwa nini karakana iliwekwa hapa. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na rasi ya Msasani hukaa mbele yake kama ukuta. Kaskazi nao, utokao kaskazini-mashariki, hupunguziwa ukali wa mawimbi yake na visiwa na miamba iliyo kaskazini ya ghuba. Hivyo maji ya ghuba huwa na utulivu ambao fundi anauhitaji sana, kwani chombo kinachoyumbayumba hakiwezi kuwekwa sawasawa juu ya kitanda chake cha magurudumu. Utulivu huo huo ndio unaompendeza anayekunywa chai ukingoni leo. Mwenye karakana na mwenye mgahawa wamechagua mahali pamoja kwa sababu moja.

Kazi ya mteremko

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mashua ina tani 30, yaani uzito wa nyutoni 300,000 hivi. Kuiinua wima kungehitaji winchi kubwa mno. Lakini ikivutwa juu ya mteremko unaopanda mita 1 katika kila mita 15 za urefu wake, kani inayohitajika kushinda uzito ni sehemu moja ya kumi na tano tu, yaani nyutoni 20,000. Tukijalia kwamba msuguano wa magurudumu na reli huongeza nyutoni 9,000, winchi itavuta kwa nyutoni 29,000, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wa mashua.

Hata hivyo faida hiyo hailetwi bure. Ili mashua ipande mita 3, kamba itavutwa mita 45. Kazi yenye manufaa ni jouli 900,000, lakini winchi imefanya kazi ya jouli 1,305,000. Ufanisi ni asilimia 69 hivi. Jouli zilizosalia zimegeuka joto katika ekseli na reli. Ndiyo maana mafundi wa chelezo hawaachi kupaka grisi.

Saa ya hatari ni ile chombo kinapotoka majini. Kikiwa kinaelea, maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyoenea chini ya tumbo lake lote. Kinapopanda, msukumo huo hupungua hatua kwa hatua, na uzito huhamia kwenye mkuku na mihimili michache ya kitanda. Mihimili hiyo isipopangwa kufuata umbo la chombo, mbao zaweza kupasuka, au chombo kikalala ubavu.

Maji kujaa na maji kupwa

Bahari humsaidia fundi kwa namna nyingine. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita 3. Katika mteremko wa mfano wetu, mita 3 hizo za wima ni mita 45 za chelezo zinazofunikwa na kufunuliwa mara mbili kila siku. Waunda majahazi wameitumia nguvu hiyo tangu kale bila reli wala winchi: hukileta chombo ufukoni maji yakijaa, na yakipwa hukisugua na kukitia kalafati.

Katika Ziwa Nyasa bamvua haipo. Kina cha maji hubadilika kwa majira ya mvua na kwa miaka, si kwa saa. Tena ziwa hilo halina njia ya meli kwenda baharini, kwa kuwa mto Shire, uyatoao maji yake, una maporomoko. Kwa hiyo meli kubwa za ziwa hilo huundwa au kuunganishwa ufukoni mwake. Matishari ya MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja la kubeba tani 1,000, yaliundwa Kyela na kuanza kuelea mwaka 2017. Meli ya MV Mbeya II ikafuata. Kwa watu wa Mbamba Bay na Liuli, basi, chelezo si kumbukumbu.

Biashara na ufundi

Ulimwenguni kote majengo ya viwanda yanageuzwa matumizi. Kituo cha umeme cha Battersea mjini London, kilichozimwa mwaka 1983, kilifunguliwa kikiwa na maduka mwaka 2022. Kufanya hivyo ni bora kuliko kubomoa, kwani saruji na matofali yaliyokwisha kulipiwa kwa nishati nyingi huendelea kutumika. Lakini jengo laweza kuokolewa huku ufundi wake ukipotea. Huko Cape Town, katikati ya maduka ya bandari ya kale, gudi la Robinson la mwaka 1882 limeendelea kupokea vyombo vya kutengenezwa, na mnunuzi apitaye humwona fundi kazini. Mtoto anayepita pale hujifunza bila kufundishwa.

Taifa lenye bahari na maziwa makuu matatu haliwezi kuwa na vyelezo vya jina tu. Mwanza kilijengwa chelezo kipya kwa ajili ya MV Mwanza, meli ya kuchukua abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoteremshwa majini Februari 2023. Waliosimamia siku ile walihitaji kujua kwa hakika yale tuliyoyakadiria hapa: uzito, mteremko, msuguano, na kina cha maji.

Zoezi la shule

Mwalimu wa Songea hana haja ya kungoja safari ya Dar es Salaam. Ubao, kigari kidogo, jiwe, uzi na mizani ya springi vyatosha. Wanafunzi wapime kani ya kuvuta kigari katika miteremko mitatu tofauti, mara ya kwanza ekseli zikiwa kavu na mara ya pili zikiwa na grisi, kisha wakokotoe ufanisi wa kila mteremko. Baadaye wachukue ramani ya Ziwa Nyasa, watafute ghuba ambayo wao wangejenga chelezo, na waeleze sababu zao kwa kutaja pepo, mawimbi na kina cha maji. Atakayefika Msasani siku moja atakuwa na la kutazama hapo zaidi ya maduka.