Waswasi wa Udhu: Pale Imamu na Mshauri Wanapohitajiana

Kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa akifika msikitini kabla ya adhana ya adhuhuri, akaketi kwenye bomba la mwisho na kuanza kutawadha. Imamu anapotoa salamu, kijana yule bado yupo bombani. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka kwa maji. Baadhi ya wazee walimsifu kwa taqwa. Mimi, nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, nilimhesabu kuwa mfujaji wa maji. Sote tulikosea.

Mama yake ndiye aliyetufungua macho. Alimjia imamu akilia, akaeleza kuwa mwanawe ameachishwa kazi kwa kuchelewa kila siku, na kwamba sasa hata sala anaiacha, kwani hakuna udhu anaouona umetimia. Maradhi yaliyojivika vazi la ibada yalikuwa yakimtoa katika ibada yenyewe. Ninaisimulia habari hii kwa idhini yao wote wawili, kwa kuwa huenda katika nyumba ya msomaji yumo mwenye mtihani kama huu.

Madaktari wanayajua maradhi haya. Wazo lisilotakiwa humjia mtu kwa nguvu na kumtia hofu, naye hurudia kitendo fulani ili atulie. Hofu hupungua kidogo, kisha hurudi na kudai kitendo kile tena. Wapo wanaorudia kukagua mlango au kuhesabu. Kwa Muislamu, mara nyingi huingia katika udhu, nia na takbira. Wala si jambo geni kwa wanazuoni wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akatenga mlango wa waswasi kando ya milango ya ghadhabu, hofu na huzuni. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, aliandika risala nzima juu ya wenye waswasi katika tohara na sala.

Imamu alimshauri kijana aende hospitali. Mshauri wa kwanza aliyemwona alimwambia aache kusali kwa muda ili apumzike. Kijana aliondoka na hakurudi, na nyumbani wakasema: "Si tulisema, hawa watamtoa katika dini?" Baada ya miezi kadhaa alimpata mshauri mwingine. Huyu alikuwa Mkristo, lakini miongoni mwa maswali yake ya mwanzo lilikuwa hili: "Katika dini yenu, udhu unaotosha ni upi?" Kijana alishindwa kujibu kwa yakini. Hapo mshauri akamwomba ruhusa ya kuzungumza na imamu.

Hilo ndilo la kutafuta kwa mshauri. Si lazima awe wa dini yako au kabila lako, ingawa hilo laweza kurahisisha mambo. Lililo muhimu ni kwamba awe na taaluma yake, na awe tayari kuuliza kuhusu imani na mila zako kabla ya kuzihukumu. Marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan aliandika mwaka 1979 kitabu cha kuwaonya wanasaikolojia Waislamu wasiige kila nadharia ya Magharibi kwa upofu. Lakini yeye mwenyewe aliifanya taaluma hiyo maisha yake yote.

Kikao cha kwanza

Wengi huogopa kwa kutojua watakayoyakuta. Kikao huchukua takriban saa moja, na cha kwanza aghalabu ni cha maswali: tatizo lilianza lini, usingizi na chakula vikoje, nani unaishi naye, umeshatafuta tiba gani. Ikiwa umesomewa ruqya, sema bila haya. Usione vibaya kueleza kwa lugha yako kwamba moyo unakwenda mbio au mawazo yamekuzidi. Mshauri mzuri hufuata maneno yako.

Nawe una haki ya kuuliza: Umesomea wapi? Umeshawahudumia wenye tatizo kama langu? Gharama ni kiasi gani? Siri yangu italindwaje? Kwa kawaida siri hulindwa, isipokuwa panapokuwa na hatari kwa uhai wako au wa mwingine. Mwanamke anaweza kuomba mshauri wa kike, na mwanamume wa kiume. Asipopatikana, omba mlango uachwe wazi kidogo au mahramu aketi karibu, ili kuepuka faragha isiyofaa. Ombi hilo si utovu wa adabu.

Kazi baina ya vikao

Tiba ya waswasi si mazungumzo matupu. Imamu alimfundisha kijana kwamba kuosha kiungo mara moja kunatosha, mara tatu ni sunna, na zaidi ya hapo ni kupindukia; na kwamba katika fiqhi yakini haiondolewi na shaka. Alimkumbusha pia kuwa Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kipimo cha viganja viwili vilivyojaa. Juu ya elimu hiyo mshauri akajenga mazoezi: birika moja, kila kiungo mara moja, kisha aingie safuni huku moyo ukimdunda, bila kurudi bombani.

Msomaji ajue kwamba siku za mwanzo hofu huzidi. Hiyo si dalili kuwa tiba imeshindwa. Mtu akivumilia bila kurudia kitendo, baada ya muda hofu hushuka yenyewe, na siku baada ya siku hupoteza nguvu. Kazi hii huhitaji vikao vya wiki nyingi. Wengine huongezewa dawa na daktari, nazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha athari. Ramadhani inapokaribia, muulize daktari kama dawa yako inaweza kupangwa kwa wakati wa futari na daku; usiikatishe mwenyewe.

Yanayoihusu familia

Mama wa kijana alipewa kazi ngumu kuliko wote. Kila siku mwanawe alimuuliza mara nyingi: "Mama, udhu wangu umetimia?" naye kwa huruma akamjibu kuwa umetimia. Mshauri alimweleza kuwa jibu lile lilikuwa likilisha maradhi. Walikubaliana sasa ajibu: "Mwanangu, nakupenda, lakini swali hilo silijibu." Alilia usiku wa kwanza; lakini alishikilia.

Familia nyingine husita kwa kuogopa maneno ya watu, au huona kwenda kwa mshauri ni upungufu wa imani. Tukumbuke kuwa Nabii Yaqub (amani iwe juu yake) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na alikuwa Mtume. Dua, dhikri na ruqya ya kisheria havipingani na tiba. Kinachopingana na dini ni kumfunga mgonjwa kamba au kumnyima daktari. Na mgonjwa akitamka kuwa anataka kufa, usingoje siku ya kikao: usimwache peke yake, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa ndugu zangu wa kamati za misikiti: tuulizeni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa, tuandike majina ya washauri wanaoaminika, na orodha hiyo awe nayo imamu. Sisi tumeanza.

Kijana yule hajapona kabisa. Bado zipo siku ambazo waswasi humrudia. Lakini Ijumaa iliyopita nilimwona safu ya pili kabla ya hotuba kuanza, na mikono yake imepona. Allah awaponye wagonjwa wetu na atuondolee haya isiyo na faida. Amin.